UZI: Disketi haijafa, mashine ndiyo isiyoijua. Kuhamisha faili kati ya kompyuta za zamani (Amstrad, Commodore, Amiga, Atari, Mac, PC)

Fundi_wa_Kampemba (Lubumbashi):

Jambo yenu wote.

Tangu watu wajue kwamba ninatengeneza kompyuta za zamani, wananiletea makartoni ya disketi, na karibu kila mmoja anakuja na neno lile lile: "Yaya, hizi zimekufa, kompyuta inasema hazijafomatiwa." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Nyingi hazijafa. Zimeingizwa tu katika mashine isiyojua mwandiko wake. Kinachoziua kwa kweli ni kile kidirisha cha Windows kinachouliza kama unataka kuifomati disketi. Mtu anabonyeza ndiyo, na hapo barua za baba au nyimbo za kwaya ya mwaka 1988 zinafutika mbele ya macho yake. Kidirisha hicho kikitokea, jibu ni hapana. Toa disketi, uje usome hapa.

Mji wetu una hali yake. Mashine za AZERTY (kibodi ya Kifaransa), yaani Thomson, Amstrad CPC na PCW, zilikuja na familia, wanafunzi na mapadre waliotoka Ubelgiji na Ufaransa. Za QWERTY (kibodi ya Kiingereza), kama Spectrum na Commodore, nyingi nilizoziona zilipitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ndiyo maana hapa Lubumbashi unaweza kufungua sanduku moja ukakuta kaseti, disketi za inchi 3, za inchi 3.5 na zile laini za inchi 5.25, zote za ukoo mmoja, na hakuna mashine hata moja inayoweza kuzisoma zote.

Kabla hujagusa kitu, zuia kuandika. Kwenye disketi ya inchi 3.5, sogeza kile kipande kidogo cha plastiki pembeni mpaka tundu libaki wazi. Kwenye ya inchi 5.25 ni kinyume chake: ziba lile pengo la ubavuni, na uzibe kwa karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga, maana lekteri nyingine (ndizo wengine huita draivu) hukagua pengo hilo kwa taa. Baada ya hapo, umeme ukikatika ukiwa unasoma, hujapoteza kitu. Ukikatika mashine ikiwa inaandika, orodha ya faili inaweza kuharibika yote.

Sasa, kwa nini mashine inakataa? Sababu iko mahali patatu, na lazima ujue ni wapi kabla ya kuhukumu. Inawezekana ni jinsi sumaku ilivyoandikwa kwenye disketi. Inawezekana sumaku inasomeka lakini mpangilio wa faili ni mgeni. Au faili imefunguka vizuri, ila maandishi ya ndani hayaeleweki. Watu wengi huhangaika na la tatu wakati tatizo lao ni la kwanza.

Nianze na sumaku. Disketi ya inchi 3.5 ni ile ile kwa Amiga, Atari ST, Macintosh na PC, na zilinunuliwa duka moja. PC inaigawa njia (duara) 80 kila upande, sekta (vipande) 9 kwa kila njia, baiti 512 kwa sekta, na hiyo ndiyo disketi ya kilobaiti 720. Amiga inaingiza sekta 11 katika njia ile ile na kufika kilobaiti 880. Inaweza kwa sababu inaandika njia nzima kwa mkupuo mmoja, bila kuacha nafasi tupu ambazo PC huacha kati ya sekta na sekta. Chipu ya PC inatafuta alama za mwanzo wa sekta za mtindo wa IBM, haizipati, inatangaza kwamba disketi ni tupu. Ukibadilisha Windows ukaweka Linux, chipu itabaki ile ile.

Macintosh ya 1984 ni jambo jingine kabisa. Disketi zake za kilobaiti 400, na zile za 800 zilizokuja 1986, zinazungushwa kwa mwendo unaobadilika: polepole zaidi kichwa kikiwa ukingoni, haraka zaidi kikikaribia katikati, ili ukingoni ziingie sekta 12 na katikati 8. Weka sikio karibu na Mac ya zamani inaposoma, utasikia injini ikipanda na kushuka sauti. Lekteri ya PC ina mwendo mmoja tu. Commodore nao walitaka faida hiyo hiyo kwenye lekteri yao ya 1541, lakini wakaipata kwa njia nyingine: mzunguko haubadiliki, kinachobadilika ni kasi ya kuandika biti. Njia 17 za nje zina sekta 21 kila moja, na zile za ndani kabisa zina 17. Ukijumlisha njia zote 35 unapata sekta 683 za baiti 256.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimejaribu lekteri ya USB, disketi ya Amiga imekataa", mimi sishangai. Lekteri za USB zinajua megabaiti 1.44 ya PC, na kilobaiti 720 kwa zile zenye bahati. Za Amiga hazijui.

Mwana_Kamalondo:

Aksanti sana yaya kwa uzi huu. Miye niko na Atari ST na Amiga ya yaya wangu aliyerudi kutoka Liège, Ubelgiji. Zote mbili zinawaka. Sitaki kununua vifaa vipya, nataka tu faili zihame kutoka moja kwenda nyingine na kwenye PC ya zamani yenye Windows 98. Inawezekana?

Fundi_wa_Kampemba:

Inawezekana, na wewe una hali nzuri kuliko wengi. Mashine zikiwa hai bado, zenyewe ndizo zitakazokufanyia kazi.

Uwanja wenu wa pamoja ni disketi ya kilobaiti 720 iliyofomatiwa kwa mtindo wa DOS, mfumo wa PC za zamani. Ifomati kwenye PC, siyo kwenye ST. Atari ST inatumia mpangilio wa faili wa FAT12 kama DOS, lakini zile zenye TOS (mfumo wake wa uendeshaji) za mwanzo haziandiki sekta ya kwanza jinsi PC inavyoitaka, kwa hiyo disketi iliyofomatiwa na ST hiyo PC inaweza kuikataa, wakati iliyofomatiwa na PC itasomwa na ST bila neno. Kwenye DOS andika FORMAT A: /F:720. MSX nazo zinaingia katika kundi hili, kama kuna mwenye nayo.

Upande wa Amiga unahitaji CrossDOS, programu ya kusoma disketi za DOS. Imo ndani ya Workbench, mfumo wa Amiga, kuanzia toleo la 2.1 la mwaka 1992. Ukishaiwasha, disketi ya PC inatokea kwa jina PC0: pembeni ya DF0: yako ya kawaida, na unanakili kutoka moja kwenda nyingine.

Angalia majina ya faili. Amiga inakubali herufi 30, DOS nane na tatu za mwisho. Faili mbili zenye mwanzo mmoja, mfano "Barua kwa Mama 1" na "Barua kwa Mama 2", zinaweza kugongana zikifika DOS. Zifunge kwanza zote katika faili moja iliyobanwa ya LHA hapo hapo kwenye Amiga, uhamishe hiyo moja, uifungulie upande wa pili. Majina yanabaki salama.

Na jambo la tundu, ambalo limewapotosha watu wengi sana. Disketi ya 1.44 ina tundu la pili, pembe ya upande mwingine. Amiga na ST za kawaida hazilioni tundu hilo, zinaandika juu ya disketi hiyo kama ni ya 720 au 880. Ukiirudisha kwenye PC, PC inaona tundu, inadhani ni 1.44, inasoma kwa kasi mara mbili, inakwambia haijafomatiwa. Ziba tundu kwa karatasi ya gundi ujaribu tena. Mara nyingi inafunguka papo hapo. Lakini usiifanye kuwa desturi ya kuhifadhia, maana unga wa sumaku wa disketi ya 1.44 ni tofauti na haushiki vizuri maandishi ya msongamano mdogo. Tumia kwa kuvusha tu.

Katuba64:

Mukubwa, na sisi wa Commodore 64? 1541 yangu haina hata waya unaoingia kwenye PC.

Fundi_wa_Kampemba:

Ndugu, 1541 ni kompyuta kamili ndani ya sanduku lake, ina prosesa yake ya ukoo wa 6502. Huichomeki kwenye kontrola ya PC, unazungumza nayo kupitia waya wake wa seriali. Zamani watu walitengeneza kebo ya X1541 iliyoingia kwenye tundu la printa la PC na kutumia Star Commander chini ya DOS. Kama una PC ya miaka ya 1990 iko kabatini, njia hiyo bado inafanya kazi. Kwa kompyuta ya sasa kuna ZoomFloppy, inaunganisha 1541 yenyewe kwa USB. Unachopata ni faili ya D64, yaani nakala ya disketi nzima, na ukubwa wake kwa disketi ya kawaida ni baiti 174,848. Ukipata pungufu ya hapo, kuna kitu hakikusomwa.

Ukitaka tu kuleta programu kwenye C64 bila disketi kabisa, tafuta SD2IEC. Inakaa mahali pa lekteri na kusoma kadi ya SD.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu C64. Programu ya BASIC uliyoihifadhi siyo maandishi. Kila amri imegeuzwa kuwa namba moja, na baiti mbili za mwanzo zinasema ikae wapi katika kumbukumbu. Ukiifungua kwenye PC utaona takataka, udhani imeharibika. Ukitaka maandishi yasomeke, ipakie kwenye C64 kisha andika:

OPEN 1,8,2,"ORODHA,S,W":CMD 1:LIST

Ikimaliza, PRINT#1:CLOSE 1. Hapo umepata faili ya maandishi. Bado ni herufi za PETSCII, jedwali la herufi la Commodore, ambazo kubwa na ndogo zimekaa kinyume na ASCII, jedwali la kawaida, lakini programu za kugeuza ziko nyingi na kazi yenyewe ni ndogo.

Dada_Ruashi:

Samahani Fundi, jambo langu ni la kusikitisha kidogo. Baba yangu aliandika mémoire yake (tasnifu ya masomo) kwenye Amstrad PCW, ile yenye skrini ya kijani na printa yake. Ametutoka. Tumebaki na disketi zake, ni ndogo, ngumu, ndefu kuliko za kawaida. Mashine inawaka lakini disketi haizunguki. Kuna mtu wa mjini alituambia tutupe.

Fundi_wa_Kampemba:

Pole sana dada yangu, na tafadhali msitupe kitu hata kimoja. Wewe ndiye umenifanya nikae leo kuandika kwa kirefu.

Hizo ni disketi za inchi 3. Amstrad walizitumia kwenye CPC 664 na 6128, na kwenye PCW kuanzia 8256 ya mwaka 1985. Ganda lake ni gumu na lina kifuniko cha kujifunga, kwa hiyo zimekingwa na vumbi la kiangazi chetu kuliko zile laini. Nina matumaini makubwa na za baba.

Kutozunguka ni ugonjwa unaojulikana. Lekteri hiyo inazungushwa na mkanda wa mpira, na mpira ukizeeka unalegea, au unayeyuka na kuwa kama lami. Disketi yenyewe haihusiki. Fungua lekteri, toa mkanda wa zamani, safisha lami yote kwenye gurudumu kwa pamba na alkoholi safi ya duka la dawa, subiri ikauke, weka mkanda mpya wa mzunguko ule ule. Safisha pia kichwa, kwa upole, bila kukisukuma. Disketi isiyo ya thamani ndiyo iingie kwanza, ya mémoire ije mwisho.

Hapo utakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutumia mashine yenyewe. Faili za LocoScript, programu ya kuandikia ya PCW, siyo maandishi ya kawaida, zimejaa alama za mapambo ya ukurasa. Lakini LocoScript ina kipengele cha kutengeneza faili ya ASCII kutoka kwenye waraka. Fanya hivyo kwa kila sura, kwenye disketi nyingine, siyo ya asili. Kisha ukipata kile kisanduku cha nyuma kinachoitwa CPS8256, kinachokupa tundu la seriali, unaanzisha CP/M (mfumo wa uendeshaji), unatumia programu ya Kermit kupeleka kwenye PC. Kermit ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981 kwa ajili ya mashine zisizofanana hata kidogo: inakata faili vipande vidogo, inahesabu kila kipande, kikifika kimeharibika inakiomba tena. Kwa kebo, waya wa kutuma wa upande mmoja lazima uingie kwenye wa kupokea wa upande wa pili. Anza na kasi ya biti 1200 kwa sekunde, ikitulia panda 9600.

Njia ya pili ni kuitoa lekteri na kuisoma kwa Greaseweazle. Nitaieleza hapa chini. Onyo moja tu: plagi ya umeme ya lekteri za Amstrad za inchi 3 inafanana na ya PC lakini volti 5 na volti 12 zimebadilishana mahali. Pima kwa multimita kabla ya kuchomeka. Ukikosea hapo umeiunguza lekteri, na hizo hazitengenezwi tena.

Dada_Ruashi:

Aksanti sana. Kaka yangu ana multimita. Hatutupi kitu.

Amiga_Bukavu:

Niongeze la herufi, Mukubwa, maana huku kwetu Bukavu limenitesa. Faili imehama salama, unaifungua, na kila é imekuwa kitu kingine. "Université" inasomeka kama jina la dawa.

Fundi_wa_Kampemba:

Umesema vizuri, na kwa sisi tulioandika Kifaransa ni jambo zito kuliko kwa Waingereza. Kila herufi huhifadhiwa kama namba: é kwenye DOS ni 130. Kwenye Macintosh ni 142. Kwenye Amiga na Windows ni 233. Faili ni nzima, ila msomaji anatumia jedwali lisilo lake. Iambie programu yako ya maandishi ni jedwali gani: CP850 au CP437 kwa DOS, Mac Roman kwa Macintosh, Latin-1 kwa Amiga. Usitafute na kubadilisha kwa mkono herufi moja moja, utaharibu nyingine.

Mwisho wa mstari nao hutofautiana. Mac za zamani, Apple II na Commodore huweka alama ya CR (kurudi mwanzo wa mstari) peke yake, Amiga LF (mstari mpya) peke yake, DOS, CP/M na Atari ST zote mbili. Ukiona waraka mzima umekuwa mstari mmoja mrefu usioisha, sababu ndiyo hiyo.

Na kwa Mac kuna mtego wa pekee: faili moja ina sehemu mbili, ya data na ya rasilimali. Ukiinakili programu ya Mac kwenye disketi ya DOS, sehemu ya rasilimali inabaki nyuma na programu haifunguki tena. Ifunge kwanza kwa StuffIt (programu ya kubana faili), kisha uigeuze BinHex au MacBinary, miundo inayobeba sehemu zote mbili, ndipo uvushe. Maandishi matupu hayana shida hiyo. Mac yenye lekteri ya 1.44 ndiyo daraja lako: inasoma zile za 800 za zamani na inaandika disketi ya PC pia.

Spectrum_Likasi:

Na kaseti?

Fundi_wa_Kampemba:

Kaseti ni rahisi kuliko mnavyodhani, maana ni sauti. Chukua redio kaseti nzuri, waya kutoka tundu la sikio hadi tundu la kurekodi la kompyuta, rekodi WAV kwa vipimo 44,100 kwa sekunde. Siyo MP3, na usikubali programu "isafishe kelele", kwa sababu kelele hiyo ndiyo data. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa cha redio. Izungushe taratibu mno huku kaseti inacheza, mpaka sauti iwe kali kabisa. Kisha geuza WAV kuwa faili ya TZX au TAP, ambazo ni nakala za kaseti.

Sasa Greaseweazle, niliyoahidi. Ni kadi ndogo ya Keir Fraser, michoro na programu yake viko wazi kwa wote. Unaiunganisha na lekteri ya kawaida ya PC ya inchi 3.5 au 5.25, upande wa pili USB. Haiulizi disketi ni ya nani. Inapima muda kati ya badiliko moja la sumaku na lingine, njia nzima, na kuhifadhi vipimo hivyo. Kazi ya kujua kama ni Amiga, Mac au Commodore inafanywa baadaye na programu, kwa utulivu, hata mwaka ujao. Hata zile za Mac zenye mwendo unaobadilika zinasomeka, kwa sababu vipimo ni vya muda tu. Inaweza pia kuandika. Ndiyo maana ninasema kwa nguvu: hifadhi vipimo vya sumaku kwanza, maana ya faili itafutwe baadaye. Disketi yenye ukungu inaweza kukupa nafasi moja tu ya kusomwa. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, usiiingize kabla hujasafisha, itachafua kichwa na kukwaruza zinazofuata.

Kwa kutumia, siyo kuokoa, kuna Gotek. Inakaa mahali pa lekteri ndani ya Amiga, ST au CPC na kusoma picha (nakala nzima) za disketi kutoka kwenye ufunguo wa USB (flashi). Iwekee programu ya FlashFloppy. Kwa 1541 na Mac za zamani haifai.

Katuba64:

Mukubwa, swali la mwisho. Nina lekteri ya megabaiti 1.2 ya inchi 5.25 kwenye PC ya AT. Naweza kuandikia disketi za kilobaiti 360 kwa ajili ya PC ndogo ya rafiki?

Fundi_wa_Kampemba:

Kusoma, ndiyo. Kuandika, hapana, labda disketi iwe mpya kabisa. Kichwa cha 1.2 ni chembamba, nusu ya kile cha 360. Kikiandika juu ya njia pana ya zamani, pembeni yanabaki maandishi ya kale, na lekteri ya 360 ikija inasoma yote mawili kwa pamoja, inachanganyikiwa. Rafiki ataona makosa yanayokuja na kuondoka. Fomatini na andikeni kwenye mashine yake, wewe soma tu.

Kadi ya Greaseweazle ninayo moja, na mji mzima unaweza kuitumia. Ninachokosa ni lekteri ya 360 iliyo nzima na mikanda ya lekteri ya inchi 3, kwa ajili ya Dada_Ruashi na wengine wawili wenye PCW. Aliye na mtu anayetoka Ulaya au Afrika Kusini karibuni, aandike hapa, nitamwekea vipimo vya mkanda.

Mwana_Kamalondo:

Yaya wangu anarudi Liège mwezi ujao. Weka vipimo.